Taa ya Chumba cha Chini ya Ngazi

Afande Okot,

Usinicheke. Najua barua haifiki huko uliko, na hata ungekuwa hai ungesema mwandiko wangu unafanana na mshono wangu, unakwenda kombo. Lakini simu yako haipokelewi tena, nami nina jambo nimelibeba tangu tulipokuzika kwenu Gulu.

Wapangaji wamenipa kazi yako ya kusimamia umeme wa jengo. Ndiyo, mimi, Mkongomani wa ghorofa ya tatu, fundi cherehani uliyemwita adui wa umeme! Eti kwa kuwa nilikufuata nyuma kama mkia, lazima nimejifunza kitu. Basi asubuhi napanda ngazi, nazima taa za korido jua likishaingia. Madirisha nayaosha mwenyewe, maana ulisema vumbi la mtaa huu wa Kisenyi ndilo linalotuwashisha taa saa sita mchana. Magoti yananiuma. Ulikuwa unawezaje, mzee, na ile presha yako?

Unakumbuka Jumapili ya kwanza ya ukaguzi? Jengo zima mita moja, kila mtu anamshuku jirani. Ukatuamuru, kama bado uko jeshini, tuzime kila kitu, tukashuka kutazama mita. Ile taa yake ndogo nyekundu ikaendelea kupepesa, ishara kwamba kuna anayetumia umeme. Ukapanda ghorofa moja moja hadi kwangu, ukakuta pasi iko moto juu ya meza, na mwenyewe nimesimama chini nawalaani wezi wa umeme. "Bwana sebo, mwizi ni wewe!" Hassan wa vipuri alicheka hadi akakaa chini. Tangu siku hiyo nikawa nanyoosha nguo zote kwa mkupuo mmoja, baada ya chakula cha mchana, kama ulivyonifundisha.

Isipokuwa ile Alhamisi. Ulipanda, ukaikuta pasi inawaka, inangoja shati moja tu. Mteja alikuwa ananifokea, nami nikakufokea wewe: "Afande, vita viliisha, niache nifanye kazi!" Ukanitazama. Ukasema tu, "Sawa, kaka," ukashuka umeshika ukuta. Sikuuliza kwa nini umeshika ukuta.

Nilipoteremka jioni, chumba chako cha chini ya ngazi kilikuwa kimefungwa, na taa inawaka ndani. Wewe, kuacha taa! Kabla sijaambiwa umekimbizwa hospitali, nilijua umezidiwa.

Hukurudi. Na ile taa sijaizima. Ufunguo ninao, mkeo Akello alinikabidhi siku ya mazishi. Kila siku nazima jengo zima, nikifika mlangoni kwako mkono unakataa. Naona nikiizima nitakuwa nimekufukuza mara ya pili.

Jumapili iliyopita nilifanya ukaguzi. Tukazima, tukashuka. Mita ikaendelea kupepesa, polepole. Nilimngoja Hassan anitanie. Hakuna aliyepanda kutafuta. Tulisimama tu tukiiangalia, sote tunajua ni nani, hadi mama wa vitenge akaanza kulia.

Leo Akello amekuja kuchukua vitu vyako. Nimemfungulia, amesimama mlangoni, ameitazama taa, akanigeukia: "Shemeji, huyu mtu angekugombeza." Kisha akavitoa vitu nje avifunge, akaniachia nafasi. Nimekalia kiti chako, nakuandikia.

Nisamehe, Okot. Ungepanda sasa hivi ningeichomoa ile pasi nikaitupa dirishani, mteja akapasuke huko. Ningekushika mkono tukashuka pamoja hadi hospitali.

Nakuahidi ukaguzi hautakosa Jumapili hata moja, magoti yapende yasipende. Wakininunia, nitavumilia kama ulivyonivumilia mimi. Na atakayeniambia "sawa, kaka" kwa sauti ile, nitaacha kila kitu nimfuate.

Akello anaita, mizigo iko tayari. Swichi yako imepauka pale kidole chako kilipozoea kubonyeza. Naweka changu hapohapo.

Pumzika, afande wangu. Naizima.

Fundi wako wa ghorofa ya tatu