Kitufe Kisicho na Jina

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Afande Onen kaja ofisini. Mpole. Mama yake, Lakica, alifariki mwezi uliopita. Presha, halafu kiharusi. Alikuwa haoni, akitumia simu inayomsomea skrini kwa sauti. Aliwaambia watoto kwamba tovuti ya kliniki inamkatalia miadi ya daktari. Onen anauliza tu: ilimkatalia kweli? Docus, bosi wetu, akamjibu kuwa tovuti ni nzima, ilikaguliwa.

Niliyeijenga ni mimi. Nikainamia kompyuta.

Jumanne, 9 Septemba

Nimefungua kumbukumbu za tovuti, zinazoonyesha kila aliyeingia na alichofanya. Namba ya simu ya Lakica ipo. Tarehe nne Agosti, saa tatu asubuhi — jina, umri, ugonjwa, vyote kajaza bila kosa. Ukurasa wa mwisho, kila kitu kinafutika. Anaanza upya. Tena. Siku tatu, mara kumi na tisa.

Pale mwisho kuna vitufe viwili. Cha kuthibitisha nilikiwekea alama ya tiki. Cha kufuta, alama ya mkasi. Picha tu, hakuna maandishi.

Jumatano, 10 Septemba

Nimejaribu mwenyewe. Leso machoni, sauti juu. Simu ikasema: kitufe. Nikasogeza kidole: kitufe. Nikabonyeza kimoja. Fomu yote ikafutika.

Nikavua leso, nikatafuta ujumbe wa zamani.

Jannat, anayejaribu tovuti zetu kabla hazijatoka, aliniandikia mwezi wa tano: vipe majina hivi viwili. Nilimjibu, baada ya uzinduzi. Na kikaragosi cha kucheka.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimeweka majina. Thibitisha miadi. Futa. Dakika nne — nne!

Nikamweleza Docus yote. Akasema vizuri, sasa futa na zile kumbukumbu za Agosti, hataki kesi. Hakupaza sauti. Sikufuta. Sikukataa pia. Juu ya bodaboda, nikirudi nyumbani Kawempe, nasikia kitufe, kitufe, kwa sauti ya mama mtu mzima. Na sijawahi kumsikia Lakica akiongea. Mezani bibi yangu akauliza mbona sili. Tumbo, nikasema.

Ijumaa, 12 Septemba

Kwenye swala nimepoteza hesabu ya rakaa. Nimechapa zile kumbukumbu, kurasa tatu.

Jumamosi, 13 Septemba

Naguru, kota za polisi. Naandika nimekaa kwenye benchi nje kwa Onen.

Alinipa chai. Akaanza yeye. Mama yake alilia, akasema vidole vyake havifai tena. Atoo, dada yake Onen, akamwambia mama ni uzee, ajaribu polepole.

"Vidole vyake vilikuwa sawa, Afande," nikasema. "Kosa ni langu. Na niliambiwa mapema."

Nilidhani atanipiga. Alichukua karatasi nilizochapa, akasoma tarehe moja baada ya nyingine. Kwenye tarehe sita akauliza siku hiyo mama alijaribu mara ngapi. Nane. Akaiweka karatasi chini.

"Nilikuwepo," akasema. "Nimetoka zamu. Nilimwambia apunguze sauti ya hiyo simu, nataka kulala."

Kisha akasimama. Akasema nisiondoke, niyarudie haya mbele ya Atoo, maana tangu mazishi Atoo anajilaumu mno. Akaingia ndani na karatasi zangu.

Wanaongea Kiacholi, sielewi. Sauti ya mwanamke ilipanda, ikakatika. Docus amepiga mara mbili, sijapokea.

Atoo ametoka. Peke yake. Ana kiti mkononi. Anakiweka mbele yangu, karibu kabisa, anakaa. Anasema nianze tangu mwanzo —