Nilimaliza Ndege, Wenzangu Wangali Dubu

Nyuma ya Soko la Mizizi,
Bozhou.
9 Septemba, 2012.

Mpendwa mdogo wangu Maoqing,

Kama nilivyokuambia kwa simu, bahati imenipenda, jamani! Kati ya watu arobaini wa uwanjani, mimi kaka yako ndiye nitakayeongoza mstari wa mazoezi ya Wanyama Watano siku ya maonyesho. Lakini kwanza, hujambo? Kifua chako na baridi ya Harbin vinaelewana? Mimi mzima kama chuma, ila kutulia siwezi. Naandika mstari, nasimama, nazunguka meza, narudi. Chai imepoa mara mbili.

Umeniandikia kwamba una siku sita tu za likizo mwaka mzima, na zote utazimaliza kuja kunitazama nikiongoza. Neno hilo nimelisoma mara tatu.

Asubuhi ya kuchaguliwa, Mwalimu Pang alitaka tucheze wanyama wote bila muziki. Chui milia nilimcheza hadi njiwa wakaruka. Kulungu, safi. Dubu ndiye msumbufu: unahamisha uzito mguu huu hadi ule, polepole, kama mtu aliyeshiba mikate ya nyama. Nikampitisha haraka, nikamalizana na nyani, nikatua. Nilimaliza ndege, wenzangu wangali dubu!

Shemeji yako Suhe akaninong'oneza, "Baba Rui, dubu wako kakalia siafu?"

Mwalimu naye hakuninong'oneza: "Mzee Ji, nyani umezaliwa naye. Dubu je, utamzaa lini?" Uwanja mzima ukacheka. Nami nikacheka, tena kuwashinda wote.

Huyo Suhe, unakumbuka madaktari walivyosema mapafu yake hayatapanda hata ngazi? Siku hizi akifika kwenye ndege anasimama mguu mmoja, mikono wazi, pumzi husikii. Mimi namtazama hadi nasahau zamu yangu.

Nisalimie mkeo Yufen na binti yako. Mama mdogo anauliza kama bado unakoroma. Safari yako iwe nyepesi, na upate kiti cha dirishani.

Wako akupendaye, kwa kelele zilezile,
Kaka yako,
Ji Maolin

Bahasha nilishaibandika, nimeibandua. Tiketi kata, Maoqing, nimekukumbuka mno. Ila ujue unakuja kumtazama nani. Anayeongoza ni Suhe. Mimi nitamshikia koti. Sikuchaguliwa, mdogo wangu. Nilikudanganya.