Jino la Chefu na Jino la Saloni

Mujukuu wangu Furaha,

Salamu toka Ntoto. Goti la bibi yako linapona. Mimi ningali na sura nzuri, vijana wenyewe wananionea wivu.

Unauliza sababu gani nilikasirika kusikia unaandikia gazeti. Sikia.

Wakati wa Wabeleji tuliua tembo karibu na Itebero. Kwetu, jino la tembo, ile pembe, lenye kugusa udongo wakati anaanguka njo la chefu, mukubwa wa kijiji. Lile lingine, administratere, muzungu mwenye kutawala eneo letu, alilichukua bila kuomba, akalitundika kwenye ukuta wa saloni yake, chumba cha kupokelea wageni. Muntu wa gazeti akafika, akakula kwa ule muzungu, akaandika: "Chefu mwizi wa pembe."

Mimi, mwenye Kifaransa kushinda hata mwalimu, nilimusomea chefu.

"Na jino la muzungu, wameandika?"

"Hapana, Papa."

"Soma tena. Labda umeruka."

Nilisoma mpaka koo likakauka. Wabeleji wakamutoa kwenye kiti cha uchefu, akafia mbali, akiitwa mwizi. Mpaka leo damu yangu inachemka! Yule muongo alikula chini ya lile jino, mafuta kwenye ndevu!

Basi andika, mutoto wangu. Lakini wakubwa wakikualika kula, inua macho kwanza uangalie ukuta.

Ni mimi babu yako, mwenye kukupenda na makelele yangu yote.