Kidole cha Wifi

Jumanne, usiku

Na sweta yangu ya kanisani ndiyo alivaa. Hiyo ndiyo inanichefua zaidi.

Ijumaa iliyopita Chelangat, dadake mume wangu Kibet, aliniomba sweta akisema anaenda mazishi Sotik. Kumbe alienda ofisi ya ardhi na Kibet, wakiwa na kitambulisho changu, ajifanye mimi. Siku hizi sheria inasema shamba haliuzwi bila mke kukubali. Basi Kibet akamgeuza dadake mke! Auze chai yetu yote, anunue gari la Probox.

Amenieleza mwenyewe leo tukichuma chai, tena akicheka. "Mashine ilikataa kidole changu, Mama Chebet. Mara tatu! Karani akatufukuza kama kuku."

"Na wewe ulikubali kwenda?"

"Aah, ni kidole tu. Kwani nimekuibia bwana?"

Kibet naye hana haya. "Shamba ni la baba yangu," akasema. Nikamuuliza nani huchuma hiyo chai na mtoto mgongoni, mvua ikinyesha. Akaitisha ugali. Nikampa, kwa sababu watoto walikuwa wanaangalia.

Lakini naogopa. Mashine imekataa mara hii, na akipata karani wa kuhonga...

Sweta imerudi imekunjwa vizuri. Nimeifua mara mbili na bado naona kinyaa.

Kitambulisho nimekichukua tena, na sasa kinalala chini ya mtoto. Kesho naenda ofisi hiyo na kidole changu mwenyewe, niwaambie mke wa Kibet ndiye huyu, na amekataa.