Kitovu cha Konsolata na Adabu Yangu

Jumatano. Ziwa limetulia leo, kama halikumbuki upepo wa jana. Na mimi nimetulia, ingawa si kwa sababu ya kujisifia. Nimekiri kosa mbele ya wanawake watatu, na mtu akishakiri hubaki mwepesi na mjinga kidogo.

Kosa lenyewe ni la adabu.

Kwa asiyenijua: mimi ni mkalimani katika zahanati ya wakimbizi hapa Ujiji. Sikusomea. Nilikuwa fundi viatu Mwandiga. Kiha nimezaliwa nacho, Kirundi ni jirani yake wa mlango wa pili, na maneno ya kidaktari nimeyaokota humu humu na kuyatia kwenye daftari. Nina "kondo la nyuma", nina "ngiri ya kitovu". Kila nikipata neno jipya natembea nalo siku mbili kama nililigundua mimi.

Mwezi uliopita alikuja Konsolata. Amevuka kutoka Burundi na mumewe, Nestori, pamoja na mama mkwe wake, na wote wanalala chumba kimoja kwa ndugu. Kitovuni ana kiuvimbe cha rangi ya zambarau iliyoiva, ukubwa wa punje ya harage. Kinauma na kinatoa damu.

Dokta Neema, binti wa Moshi aliyehamishiwa huku, akauliza kinatoka damu lini. Konsolata akajibu kwa sauti ya chini, macho kwenye kanga: kila nikiingia siku zangu, na zikiisha kinakauka.

Mama mkwe alikuwa ameketi pale pale. Kwetu mwanamume hazitamki siku za mwanamke mbele ya mkwewe. Nikatafsiri hivi: "Anasema kinatoka damu mara kwa mara."

Dokta akadhani ni jipu, akampa vidonge na bandeji. Nami nikajipongeza kwa kuwasitiri wote.

Leo wamerudi, na Mama Nestori hakusubiri kuulizwa.

"Tumekuja kuaga. Ijumaa tunapanda boti mpaka Kagunga, halafu tunavuka."

Nikamuuliza wanavuka kwenda wapi, maana siku hizi kila mwenye miguu anavuka kuja huku.

"Kwao. Kitovu chake kilizikwa pale chini ya mgomba alipozaliwa. Nyumba imechomwa na mgomba umeungua. Sasa kinalia. Lazima akafanyiwe mambo pale pale."

"Na mumewe anasemaje?"

"Mumewe anamsikiliza mama yake."

Njia hiyo ndiyo waliyoikimbia, na mdogo wa Nestori alifia humo humo. Konsolata alikuwa anakunja ukingo wa kanga, anaukunjua, anaukunja tena.

Nilitafsiri yote hayo, neno kwa neno. Kisha nikamwambia Dokta kwamba mwezi uliopita sikutafsiri yote.

Akaweka kalamu chini. "Ulibakiza nini?"

Nikaigeukia mizani ya kupimia watoto na kuiambia mizani. Dokta akanisikiliza, halafu akaniamuru nigeuke na kuyarudia kwa Kirundi, ili wenyewe wahakikishe kama ndivyo. Konsolata akaitikia kwa kichwa. Mama Nestori akanipandisha na kunishusha kwa macho.

"Wewe fundi viatu, siku za mke wa mwanangu unazijua tangu lini?"

"Tangu mwezi uliopita, Mama. Nisamehe."

"Ulijua ukanyamaza, sisi tukahangaika na mgomba."

Hilo nalo nikamtafsiria Dokta.

Dokta akamkagua upya, akauliza kama amewahi kupasuliwa tumbo. Hajawahi. Akaeleza polepole, akinipa nafasi. Kuna nyama inayofanana na ukuta wa ndani wa kizazi, ambayo kwa baadhi ya wanawake huota mahali pasipo pake. Huitwa endometriosisi. Mara chache huota hata kitovuni. Nyama hiyo hufuata kalenda ile ile ya kizazi: siku zikifika huvimba na kuvuja. Na kitovu chenyewe, akasema, ni kovu tu, kovu la kwanza la kila mtu, pale ulipofungwa mrija uliokuwa unamlisha tumboni. Hajui kwa nini nyama hiyo hupapenda pale. Nilifurahi kusikia daktari akisema hajui.

Hospitali kubwa watampima kwa ultrasaundi, na daktari wa upasuaji akiridhika atakikata, kipande kipelekwe maabara kuthibitisha.

"Kwa hiyo hakuna mtu aliyenifanyia ubaya?" Konsolata akauliza.

"Hakuna."

"Na wakikata, nitabaki bila kitovu?"

"Wanaweza kukutengenezea kingine."

"Kitovu cha kushonwa," Mama Nestori akaguna. "Kazi ya fundi viatu hiyo." Nilicheka, nilistahili.

Kisha akauliza hospitali ni lini. Dokta akasema Ijumaa.

Akaandika barua ya kwenda nayo hospitali, akaikunja. Mama Nestori akaichukua yeye, akaitia kifuani, ndani ya blauzi. "Nestori nitaongea naye mimi."

Nadhani hawapandi boti. Sina hakika, ila karatasi anayoibeba mama mkwe kifuani huwa haipotei.

Mlangoni Konsolata alinigeukia. "Kaka, Ijumaa uje wewe kutusemea. Lakini useme yote."

Nimekubali.

Tangu hapo nimekaa hapa ufukweni na daftari, nikiwapitia wagonjwa wangu kichwani. Ni wangapi niliowasitiri hivi? Wiki iliyopita mzee mmoja alinieleza anavyohangaika kukojoa, binti yake akiwa kando. Nilimwambia Dokta kwamba mzee anaumwa mgongo.

Anakaa nyuma ya soko. Kesho, kabla ya zahanati kufunguliwa, naenda kumgongea mlango.