Ubao Usio na Uso

Jumatatu, 6 Novemba 1634
Kifua bado kinauma. Mume wangu Joost anasema picha zetu zimeanza kwa bwana Wouter mchoraji. Ubao wake na ubao wangu, zikae upande huu na ule wa meko, mume na mke wakitazamana, kama kwa kila mwenye kiwanda cha bia hapa Haarlem. Nimefurahi! Miaka kumi na tisa ya ndoa, hatimaye. Gauni langu jeusi na ukosi wa lesi vimeshapelekwa, vichorwe kwanza. Mimi nitakwenda nikipona. Daktari hasemi lini.

Jumanne, 14 Novemba
Gauni limerudi. Nikalivaa, nipime nilivyokonda. Linaburuzika sakafuni! Upindo umefumuliwa vidole vitatu. Nikambana Aechje, mtumishi wetu. Kumbe lilivaliwa na Hillegond, mjane wa nyumba ya pili, mrefu kunizidi, ili mchoraji aone kitambaa kinavyokaa mwilini. Hillegond shoga yangu! Kila Jumapili ananiletea uji wa maziwa, na hili hakunitajia. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumatano, 15 Novemba
Nimemuuliza Joost.
“Nguo haisimami yenyewe, Machteld.”
Kweli. Sasa mbona kimya?
“Sikutaka kukuumiza roho.”
Roho yangu ilikuwa nzima. Kinachouma ni kifua.

Alhamisi, 16 Novemba
Nimekwenda kwa mchoraji! Joost akiwa kiwandani, mimi na Aechje, nikipumzika kila daraja.
Picha ya Joost iko tayari. Ukisogea karibu ni michirizi tu, kama mtu kakung'uta brashi. Rudi hatua nne — Joost mwenyewe, mdomo wazi, karibu aseme bia imechacha. Na ule weusi wa koti, sijui ni weusi wa namna ngapi.
Kisha wangu. Gauni, ukosi, mikono. Uso hakuna. Kiraka cha kahawia tu, juu ya lesi. Na mikono si yangu. Mirefu, laini. Mimi kidole cha shahada kimepinda tangu mlango wa ghala unibane.
Nikauliza kwa nini uso umeachwa. Bwana Wouter akakuna sikio. Akasema mume wangu kaagiza usubiri, tuone kwanza kama nitaivuka baridi hii.
Tuone kwanza!
Nikakaa kwenye kiti chake cha wateja. “Nichore sasa hivi.”
“Bibi, una homa. Mashavu mekundu.”
“Rangi nyekundu huna?”
Akacheka, akachukua brashi. Hakuanza na mistari, alirusha rangi tu. Nikikohoa, anangoja. Akanisimulia Joost alivyobana tumbo siku nzima mpaka kifungo kikaruka — nikacheka, akanidaka hapo hapo. Kengele ya saa sita inalia, nipo ubaoni! Mdomo wangu mpana, macho yangu yasiyomwamini mtu. Mikono kasema atairekebisha baadaye. Uso usiguswe, rangi itabaki mbichi siku nyingi.

Ijumaa, 17 Novemba
Nimemwambia Joost asubuhi, juu ya mkate na samaki wa chumvi. Akaacha kutafuna. “Vizuri,” akasema. Kisha tena, “Vizuri.” Akatoka bila kofia.
Adhuhuri Hillegond huyo, na leo si Jumapili! Uji hana. Hali yangu hakuuliza.
“Shoga, eti ni kweli uso umeshawekwa?”
“Nani kakuambia?”
Akasema watu. Watu gani? Wanaojua ni mimi, Aechje, mchoraji na Joost. Akaondoka kabla sijamkaribisha kiti.

Jumamosi, 18 Novemba
Joost kachelewa chakula cha mchana. Eti pipa limevuja kiwandani. Tukaomba. Mimi sikufumba macho.
Kidole gumba chake cha kulia kina rangi. Nyeupe iliyochanganywa na nyekundu, rangi ya shavu langu la ubaoni, mbichi, imeingia mpaka ndani ya ukucha.
“Amina,” akasema. Mkate akaushika kwa mkono wa kushoto.
Nilitaka kulia, hasira ikawahi. Nimemwagiza Aechje viatu, anafunga kamba huku naandika. Joost anauliza naenda wapi na kikohozi hiki, katika ukungu huu. Nimemjibu: kwa bwana Wouter, nikakae tena. Na Jumatatu tena. Na Jumanne.
Amesimama mlangoni. Nimemwambia apishe. Hajapisha —