Barua ya Radhi Niliyokataa Kuisaini

Bweni la Wauguzi,
Chumba namba 14.
Jumapili, 9 Machi.

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Hujambo wewe, na shemeji hajambo? Wapwa zangu wanaendeleaje, yule mdogo ameshaota meno? Mimi mwili mzima, nakula na nalala. Moyo ndio umechafuka. Nikikuficha utajua tu kwa mwandiko, maana kalamu naikandamiza mpaka karatasi inataka kutoboka.

Masomo yanakwenda. Baada ya miaka tisa ya uuguzi si rahisi kukaa tena darasani, lakini shahada naitaka. Muhula huu tunasoma magonjwa ya tumbo, na kila asubuhi tuko wodini. Kwa kuwa mwanaume niko peke yangu, wagonjwa wamenipa jina la Bwana Sista. Nimelizoea.

Sasa sikia. Jumatano asubuhi aliletwa fundi cherehani, mama wa makamo, amejikunja. Mgongo humuuma kwa kuinamia mashine, hivyo kwa miezi alikuwa akimeza vidonge vya maumivu, mara nyingi kabla hajatia kitu mdomoni. Siku hiyo maumivu yalimshika ghafla, kama kisu kimepita chini ya kifua. Daktari wa zamu, kijana anayetembea kama sakafu ni yake, akasema ni gesi. Akaandika dawa ya maji ya kutuliza asidi, huyoo akaenda zake.

Saa tano mama akasema amepata nafuu. Daktari kusikia hivyo, akajaza fomu ya kumruhusu palepale, amesimama miguuni pa kitanda. Tumbo hakuligusa. Dada, hakuligusa!

Mimi nililigusa. Lilikuwa gumu kama ubao. Nikasikiliza kwa kipimo cha masikioni dakika tano nzima, kimya, hata mguno mmoja wa utumbo hakuna. Moyo unapiga mara mia na ishirini na nne kwa dakika, na mama amelala bila kutikisika, anavuta pumzi za juujuu.

Jumatatu tu tulikuwa tumelisoma jambo hilo. Kidonda kikitoboa ukuta wa tumbo, asidi humwagika nje na kuunguza utando unaofunika matumbo. Baada ya saa chache mwili humimina maji pale, asidi ikazimuliwa, maumivu yakapungua. Mgonjwa hudhani amepona, kumbe uchafu unaenea ndani, na ukiachwa, presha huanguka na mtu anakwenda. Nafuu ya namna hiyo ni ya kuogopwa kuliko maumivu yenyewe.

Nikamwambia daktari, kwa upole kabisa, tumbo hili limekaza. Akacheka.

"Bwana Sista, unataka kunifundisha tumbo?"

"Hapana, daktari. Naomba tu uweke mkono hapa."

"Mgonjwa mwenyewe anasema nafuu. Wewe ni nani wa kumkatalia?"

Fundi akafumbua macho. "Nafuu ipo, baba. Ila nikikohoa nakufa."

Daktari akatazama saa yake. Hapo, Dada, nilipandisha sauti, sikatai. Nikamwambia huyu mama akitoka kwenye mlango ule atarudi maiti. Wodi nzima ikageuka. Nikaenda kumwita Sista Mkuu, msimamizi wa wodi. Alikuja akikausha mikono, akaweka kiganja juu ya lile tumbo. Akainua simu, akamwita daktari wa upasuaji. Picha ya eksirei ilionyesha hewa imekaa chini ya kiwambo cha kifua, mahali ambapo hewa haina kazi. Saa nane fundi alikuwa kwenye meza ya upasuaji. Tundu lilikuwa la kupitisha ncha ya kidole kidogo.

Ungedhani nimeshikwa mkono wa asante. Thubutu! Ijumaa niliitwa ofisi ya utawala ya hospitali. Juu ya meza kulikuwa na barua imeshachapwa tayari, yenye jina langu, ikiomba radhi kwa kumvunjia daktari heshima mbele ya mgonjwa. Na kando yake faili la fundi. Neno "aruhusiwe" limekatwakatwa mpaka halisomeki, na juu yake, kwa mwandiko uleule wa daktari, pameandikwa kwamba daktari alishuku tundu la tumbo na akaagiza mpasuaji aitwe.

Mwalimu wetu wa vitendo akaninong'oneza, "Saini yaishe, usije ukafelishwa." Miaka tisa kazini, mtu mzima, naambiwa nisaini uongo kama mtoto aliyevunja sahani!

Nikasema, "Sauti niliyoipandisha naiombea radhi hata sasa hivi. Mkono niliouweka tumboni siuombei."

Sista Mkuu naye alikuwa ameitwa mle ofisini. Akafungua bahasha, akatoa ile fomu ya ruhusa, ina saini ya daktari na saa. Hakuna aliyekumbuka kuichana. Mkubwa wa ofisi aliisoma mara mbili, akasema suala limefungwa. Basi. Hakuna aliyesema nilikuwa sahihi, na hakuna aliyeuliza faili lilichezewaje. Nimeandika maelezo yangu kurasa tatu, kesho napeleka kwa mganga mkuu. Wanifelishe wakitaka.

Jana asubuhi nilikuwa nabadilisha shuka wodini, nikasikia fundi anaita kwa sauti, "Bwana Sista, nimejamba!" Samahani Dada, ndivyo alivyosema. Baada ya upasuaji huo ndiyo habari tunayoingoja, maana yake utumbo umeamka. Wodi nzima ilipiga makofi.

Mama yetu ameniandikia kwamba nawe unameza vidonge vya goti kila siku. Nakuomba, usimeze tumbo tupu, umwone daktari akubadilishie. Na ukiona choo cheusi kama lami, usingoje kesho.

Nisalimie shemeji, wapwa wote, na yule jirani yenu muuza vitambaa. Mungu awafunike nyumba nzima kwa afya.

Nimalizie na hili. Wakati wa makofi yale, daktari alikuwa kitanda cha pili. Akanawa mikono, akaja kwa fundi na kumwomba ruhusa. Kisha akaweka kiganja juu ya tumbo lake, akakiacha pale muda mrefu. Mimi hakunitazama.

Mdogo wako akupendaye hata akiwa na hasira,
Kitindamimba wenu